Kidevu Cheusi cha Ndege wa Rweya

Jumapili, mwezi wa tano unaishia. Bukoba inanyesha tangu adhuhuri, mvua ile isiyo na haraka, na ziwa halionekani kabisa kutoka dirishani kwangu.

Magoti yananiuma. Kwenye pindo la sketi kumenasa mbegu za nyasi, na nimekaa kitandani nazichomoa moja moja badala ya kwenda kupika.

Nina mambo mawili ya kukiri. La kwanza ni la ndege. La pili ni la Shangazi Koku, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi nauza madaftari na vitabu hapa mjini. Miaka mitatu iliyopita, ndani ya boksi la vitabu vya mitumba, nilikuta kitabu cha ndege kisicho na jalada. Nikachukua darubini ya marehemu mume wangu, aliyokuwa akienda nayo kuangalia mpira, nikaanza kutazama ndege. Jirani zangu wanaona nimepata kichaa cha upole. Sibishi.

Mwezi uliopita niliandika hapa kwa mbwembwe kwamba nimemtambua ndege aliyenisumbua muda mrefu. Ni ndege mdogo sana, mla mbegu, anayeishi chini kwenye nyasi na hatui mtini hata siku moja. Unatembea zako, anafyatuka karibu na kidole chako cha mguu, anapanda juu akilia kama mtu anayegonga sarafu mbili, kisha anadondoka nyasini na kupotea. Umemwona, na hujamwona. Jina lake la Kiswahili sijalipata. Wataalamu wanamweka kwenye jamii ya mishigi, lakini ameumbwa kama kware aliyepunguzwa mpaka akaenea kwenye kiganja.

Kitabu kilimchora ana duara nyeupe kuzunguka macho, kama kavaa miwani, na kidevu cheupe. Nami nikaandika: nimeiona miwani, nimekiona kidevu. Wasomaji wakanipongeza. Nikaongeza na sentensi moja ya kujifanya mjuzi: “Watu wa kule hawamjui ndege huyu, hata jina hawana.”

Sentensi hiyo leo inaniwasha mwili mzima.

Kule nilikokutaja ni kwa Shangazi Koku, dada yake marehemu baba, kijijini karibu na Kamachumu. Nilikwenda tena Ijumaa kwa sababu jana Jumamosi ilikuwa siku kubwa kwake. Wageni wa posa walikuwa wanakuja kutoka Kimwani kumposa Rahma, mjukuu wake, ambaye amemlea tangu ananyonya. Rahma kwangu ni mtoto. Ananiita mama mdogo, na ndiye aliyenifundisha kuweka picha kwenye blogu hii.

Lazima nieleze habari ya nyasi, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kwetu Wahaya, nyumba inayopokea wageni wa heshima hutandikwa nyasi sakafuni. Siku hizi wengi wanaweka zulia la plastiki na mambo yanaisha. Shangazi Koku hataki kusikia. Sebule yake ina saruji safi kabisa, lakini posa ikija, saruji inafunikwa nyasi laini za rweya, zilizokatwa asubuhi ileile, zikiwa bado na harufu ya umande. Rweya ndiyo ile mbuga ya nyasi tupu inayotenganisha vijiji vyetu vya migomba. Shangazi ana kipande chake huko alichoachiwa na babu. Amewatandikia mabinti wote wa ukoo wetu, mimi nikiwemo, na kila mara wageni walitoka wakiisifia sakafu kabla ya chakula. Kwa Rahma alikuwa amekitunza kipande hicho tangu mvua zianze, hakuruhusu hata mbuzi kupita.

Kwa hiyo jana, baada ya swala ya alfajiri, tukapanda kilima: Shangazi na mundu wake, wanawake wawili wa jirani, na mimi na darubini shingoni. Shangazi ana miaka sabini na kitu. Alinitangulia njia nzima, na nilipoomba tupumzike alinitazama kwa huruma ya kweli.

Kipande chake kimebaki kidogo. Majirani wa pande mbili wamepanda mikaratusi, na upande wa tatu ulichomwa moto kiangazi kilichopita, umeota majani magumu yasiyofaa. Nyasi laini zimebaki pale pake tu.

Hatukufika mbali, ndege akafyatuka. Nilipiga kelele kama mtoto. “Ndiye huyo! Shangazi, ndiye yule wa miwani!”

“Miwani ipi?” akauliza.

Nikamweleza kwa ufasaha wote, duara nyeupe, kidevu cheupe. Wale wanawake wawili wakatazamana. Shangazi hakucheka, alinisubiri nimalize.

“Ako kanyonyi hakana miwani, bojo. Usoni ni keusi, na kidevu ni keusi kama chungu. Mdomo ndio mwekundu.” Kanyonyi kwetu ni ndege mdogo, na bojo ni neno la kubembeleza.

Nikamwambia kitabu kinasema vingine. Akasema labda kitabu kilimwona wa kwao. Nikamuuliza, kwa kiburi kidogo, mbona basi hajawahi kuniambia jina lake.

“Jina la nini? Unataka kukaita kaje?” Wote watatu wakaangua kicheko.

Kisha akanielekeza. Ndege huyu, alisema, haendi mtoni kunywa maji. Anakunywa kwenye nyayo za ng'ombe. Nikilala kifudifudi kwenye njia ya ng'ombe, pale panapotuama maji, nikatulia kama mgonjwa, atakuja kwa miguu.

Nililala. Nguo yangu nzuri ya kijani nilishaisahau. Maji yalipenya kwenye magoti, siafu mmoja akanipata kiunoni, nikavumilia. Sijui ilipita nusu saa au zaidi.

Akaja kwa miguu.

Alitokea kati ya mashina mawili ya nyasi, akasimama ukingoni mwa unyayo wa ng'ombe uliojaa maji, akatazama huku na huku kama mama anayetaka kuvuka barabara. Nilimwona kwa darubini mpaka akajaza kioo chote. Ubavuni ana mistari myeupe na myeusi iliyopangwa vizuri sana, kifuani rangi ya udongo wa kuchomwa, mgongoni michirizi ya giza. Mdomo mwekundu unaong'aa. Alinywa, akainua kichwa, akanywa tena. Mtu anayeuza kalamu na rula hapaswi kupewa kitu kizuri kiasi kile bila kutayarishwa.

Na uso wake ulikuwa mweusi. Hakuna duara nyeupe. Hakuna kidevu cheupe.

Usiku nilifungua kitabu kwa mwanga wa simu, nikasoma na maandishi madogo ambayo sikuwahi kujisumbua nayo. Yapo. Kuna ndugu yake mwenye kidevu cheusi, asiye na miwani, mdomo mwekundu zaidi, mgongo wenye michirizi, anayepatikana pande zetu hizi za ziwa. Mistari minne tu, bila picha. Mwezi uliopita nilimwona ndege kwa nukta mbili, nikasadiki picha ya kitabu, halafu nikaja kuwaapia nyinyi kwamba nimeona kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Samahani. Hilo ndilo la kwanza.

Sasa la pili.

Niliporudi kutoka kwenye njia ya ng'ombe nikiwa na matope na furaha, nilikuta ukataji umesimama. Wale jirani walikuwa wanafunga mizigo. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya nyasi ambazo hazijakatwa, mundu umelala begani.

“Kanyonyi kana watoto hapa,” akasema.

Hakuwa amekanyaga wala kupekua. Aliniambia alisikia ndege ametoka akiwa amechelewa, karibu kabisa na mundu, na hakwenda mbali. Ndege wa aina hiyo akichelewa kutoka, unatazama chini kabla hujapeleka mkono. Alisogeza majani kwa ncha ya kidole nikaona kijumba cha nyasi kavu, mviringo, mlango ubavuni, na ndani yake mayai manne meupe, kila moja dogo kuliko buni mbichi. Akayarudisha majani taratibu kama anayefunika mtoto.

Nikasema tuache shada moja juu ya kiota, tukate pengine pote. Nilidhani nimesema jambo la maana.

“Ukiacha shada moja katikati ya uwazi, umemwonyesha kunguru kwa kidole,” akanijibu. “Ukiacha, unaacha pakubwa.”

Na pakubwa pale palikuwa ni nyasi za theluthi nzima ya sebule.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Niliangalia jua. Nikafikiria wageni wa Kimwani, nikamfikiria Rahma, nikafikiria namna wanawake wa upande wa bwana harusi wanavyohesabu kasoro za nyumba kabla hata hawajavua viatu. Mimi, mwenye darubini shingoni, mwenye blogu ya ndege, nikasema, “Shangazi, kata tu. Mwenyezi Mungu anajua nia yako. Watataga tena.”

Alinitazama kama mtu aliyepoteza kitu. Hakunigombeza.

“Beba mzigo wako, twende,” akasema.

Tukaacha. Kipande kizima, kikubwa kama chumba, kikabaki kimesimama na umande wake.

Nyumbani tulitandika. Shangazi ana sheria yake: nyasi zitandikwe nene au zisitandikwe kabisa, maana zikiwa nyembamba saruji inachungulia na nyumba inaonekana ya watu wanaobana. Akaanza mlangoni kuingia ndani, akizipanga kwa mikono, vichwa upande mmoja, mpaka sebule ikawa kama rweya iliyolala. Zikatosha kuliko nilivyoogopa. Lakini zikaisha kabla ya mlango wa chumba cha ndani. Pale, mbele ya wageni wote, ikabaki saruji tupu ukubwa wa msala wa kuswalia.

Nikasema tuweke mkeka. Akasema mkeka juu ya nyasi ni heshima, mkeka juu ya saruji ni kiraka. Nikasema tuongeze majani ya kibanjani, pale shambani kwenye migomba. Akageukia kazi yake, na alikuwa na haki. Nikataja kusogeza kabati hapo. Akaniambia niende kuoga, nanuka ng'ombe.

Nilipotoka kuoga alikuwa ameshavaa gomesi yake ya zambarau, ile pana ya sherehe, na alikuwa amekaa chini. Mahali palepale. Nguo ameitandaza pande zote, imeanguka kwa mikunjo mikubwa, na pembeni yake nyasi zinaanza bila pengo hata la kidole. Kama hukuwepo asubuhi, usingejua.

“Pamekaa vizuri?” akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia pamekaa vizuri sana.

“Usimwambie Rahma. Atadhani nilipenda kanyonyi kuliko yeye.”

Wageni wakaja saa saba. Walikuwa wengi kuliko tulivyotaarifiwa, kama kawaida. Mshenga wao ni mzee mrefu, mwenye kofia na maneno mengi. Sote tukasimama kuwapokea.

Shangazi Koku hakusimama.

Mwenye nyumba, bibi wa binti, siku ya posa. Alitoa mkono akiwa amekaa, akasema, “Karibuni waitu, karibuni sana, mnisamehe uzee.” Nilimwona mshenga akisita kidogo, mkono wake hewani. Nyuma yake mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, kwamba miguu ya huyu bibi imekwisha. Mwingine akasema labda ndiyo desturi ya nyumba hii. Shangazi akasikia, nina hakika alisikia, na akatabasamu kama aliyesifiwa.

Kikapu cha akamwani, zile buni kavu tunazowapa wageni watafune, hupelekwa na mwenye nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo salamu yenyewe hasa. Akaniashiria mimi nikipeleke. Nilipokea kikapu nikijua heshima anayoitoa.

Na Rahma aliona. Alikuwa chumbani anachungulia kwenye pazia, amejifunika, anangoja kuitwa. Nilipopita kuchukua maji akanishika mkono, macho yamejaa. “Mama mdogo, Bibi kawakasirikia? Hamtaki huyu mwanaume? Mbona hasimami?”

Nikasema amechoka. Nikaenda na maji yangu.

Kwa muda wa saa nne alikaa pale. Saa nne, kwenye saruji. Maneno yalizunguka, watu walikula, dua ilisomwa, Rahma akaitwa akaitikia, vigelegele vikapigwa. Vigelegele vilipopigwa wanawake wote waliinuka kucheza, harufu ya nyasi ikapanda nyumba nzima, na Shangazi akapiga makofi akiwa amekaa, akiimba kwa nguvu kuliko wote. Huyo ndiye mwanamke ambaye kwenye harusi yangu alicheza mpaka wenzake wakaomba poo.

Mshenga alipoaga, alisimama katikati ya sebule akavuta pumzi. Akasema amekwenda kuposa nyumba nyingi, na siku hizi anakanyaga plastiki tu. Leo amekanyaga rweya nzima, haikosi hata jani. Shangazi akainamisha kichwa.

Walipokwisha kuondoka wote nilimwinua kwa makwapa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, vifundo vimevimba, na kwenye ngozi ya mapaja yalibaki mabaka ya saruji. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilikuwa nalia, nisiseme uongo. Yeye alikuwa anawaza lingine.

“Kidevu?” akaniuliza.

“Cheusi, Shangazi.”

“Ehee.” Akafumba macho, ameridhika.

Leo asubuhi, kabla sijashuka kwenda barabarani kungoja usafiri, nilipita juu kule kwenye rweya. Sikusogea karibu. Nilisimama mbali kwenye sehemu tuliyokata, nikakiangalia kile kipande kilichosimama peke yake, nyasi zinainama kwa upepo. Ndege alitoka ubavuni, akapanda akigonga sarafu zake, akadondoka palepale. Sikuinua darubini. Nilikuwa nampenda vya kutosha bila kioo.

Nimerudi mjini, mvua inanyesha, na kule kijijini nasikia stori imeshaenea kwamba Bibi Koku hawezi kusimama tena. Jirani mmoja amenipigia kuniuliza kama tumempeleka hospitali. Rahma hajapokea simu yangu. Amenitumia ujumbe mfupi tu: “Nimechoka, mama mdogo. Siku yangu haikuwa nilivyoitaka.”

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi leo.

Kwa hiyo nimeamua. Andiko la mwezi uliopita halitafutwa. Miwani na kidevu cheupe vitabaki, na chini yake nitaweka masahihisho, ili kila mtu aone nilivyokosea. Lakini ile sentensi isemayo watu wa kule hawamjui ndege huyu naifuta usiku huu, kabla sijala.

Shangazi aliniambia nisimwambie Rahma. Hakusema nisiandike.

Rahma, mwanangu, najua unasomaga hapa. Miguu ya bibi yako ni mizima. Mfuate kesho asubuhi rweya, umwone anavyokuacha nyuma kilimani, kisha umwombe akuonyeshe kiota alichokuachia.